Mafumbo ya kila siku ya Python: Ufupi wa msimbo huanzia kwenye kuelewa swali

Kila ifikapo tarehe 1 Disemba, saa 2 kamili asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, fumbo jipya la kompyuta hufunguliwa kwa wakati mmoja duniani kote. Wapo wanaolijibu kwa maelekezo yanayojaza kurasa mbili, na wapo wanaolijibu kwa mstari mmoja tu wa lugha ya Python. Makala hii inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, ni ufupi upi unaomfaa mwanafunzi, na kwa nini mwaka 2025 mwandaaji wa mafumbo hayo aliamua kuacha kuwapanga washiriki kwa kasi yao.

Fumbo moja kwa siku moja

Mafumbo hayo hujulikana kwa jina la Advent of Code. Yalianzishwa mwezi Disemba mwaka 2015 na Mmarekani Eric Wastl, mtaalamu wa programu za kompyuta. Jina hilo limetokana na kalenda ya Majilio, ambayo katika nchi nyingi za Kikristo huwa na vidirisha vinavyofunguliwa kimoja kila siku hadi Krismasi. Badala ya peremende, kila kidirisha hapa kina fumbo.

Kwa miaka 10 ya mwanzo mafumbo yalikuwa 25 kila mwaka. Mwaka 2025 yalipunguzwa hadi 12, na hivyo kuifanya jumla yake kufikia 262. Yote yangali wazi, bila malipo, kwa yeyote anayetaka kuyajaribu wakati wowote wa mwaka.

Fumbo hufunguliwa saa 6 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwa Nairobi, Kampala, Dodoma na Mogadishu wakati huo ni saa 2 asubuhi, ilhali Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa 1 asubuhi. Kila mshiriki hupewa hadithi fupi, swali, na faili la data. Data hizo hutofautiana baina ya washiriki, kwa hiyo jibu la jirani halimsaidii mtu. Kinachotumwa ni jibu pekee, ambalo aghalabu ni namba. Hakuna anayekagua msimbo ulioandikwa, wala lugha iliyotumika.

Fumbo karibu kila mara huwa na sehemu mbili. Sehemu ya pili hufichwa mpaka ya kwanza ijibiwe, na mara nyingi hulipindua swali kwa namna ambayo mshiriki hakuitarajia. Hapo ndipo hubainika nani alilielewa fumbo na nani alibahatisha.

Ghorofa na mabano

Mfano ulio wazi ni fumbo la kwanza kabisa, la tarehe 1 Disemba 2015. Baba Krismasi yuko ndani ya jengo refu, kwenye ghorofa namba 0, na ameshika karatasi iliyojaa alama za mabano. Bano la kufungua humwamuru apande ghorofa moja, na bano la kufunga humwamuru ashuke ghorofa moja. Swali ni hili: atakapomaliza kufuata maagizo yote, atakuwa ghorofa ya ngapi?

Mwanafunzi anayeanza atafanya jambo la busara kabisa. Ataweka hesabu kwenye 0, kisha atasoma alama moja baada ya nyingine, akiongeza 1 au kupunguza 1. Msimbo wake utakuwa na mistari sita au saba, nao utatoa jibu sahihi.

Aliyezoea Python atatua kidogo na kujiuliza: je, mpangilio wa alama una umuhimu wowote hapa? Hauna. Anayepanda mara 10 na kushuka mara 7 ataishia ghorofa ya 3, apande kwanza au ashuke kwanza. Kwa hiyo inatosha kuhesabu kila aina ya alama na kutoa:

maandishi.count("(") - maandishi.count(")")

Mstari huu ni mfupi kwa sababu mwandishi wake amegundua ukweli fulani kuhusu swali lenyewe. Alichokiondoa ni kile ambacho swali halikukihitaji, yaani mpangilio wa alama.

Ndipo inapokuja sehemu ya pili: ni alama ya ngapi inayomfikisha Baba Krismasi kwa mara ya kwanza chini ya ardhi, kwenye ghorofa namba -1? Ghafla mpangilio ndio umekuwa kila kitu, na ule mstari mfupi wa kupendeza haufai tena. Kwa maagizo ya ()()) jibu ni 5, lakini hesabu ya jumla haiwezi kulionesha.

Python ina zana iitwayo accumulate, inayojumlisha hatua kwa hatua na kukumbuka kila jumla njiani, kama mwenye duka anayeandika salio baada ya kila mauzo badala ya kusubiri jioni:

ghorofa = list(accumulate(1 if c == "(" else -1 for c in maandishi))
ghorofa.index(-1) + 1

Kwa mfano ule, orodha ya ghorofa itakuwa 1, 0, 1, 0, -1, na namba -1 imeonekana katika nafasi ya tano. Zaidi ya hayo, namba ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo jibu la sehemu ya kwanza. Msimbo uliokuwa mrefu kidogo kwa swali moja umegeuka kuwa mfupi kwa maswali mawili. Hili ni somo la kwanza: ufupi hupimwa kwa kazi yote inayopaswa kufanywa, si kwa mstari mmoja.

Kutafuta herufi zisizojirudia

Mfano wa pili umetoka siku ya sita ya mwaka 2022. Kifaa cha mawasiliano hupokea mfululizo mrefu wa herufi, na mshiriki anatakiwa kutafuta mahali pa kwanza ambapo herufi nne zinazofuatana zote ni tofauti.

Chukua neno la Kiswahili, karafuu. Herufi nne za mwanzo ni kara, na herufi a imejirudia. Zinazofuata ni araf, na a imejirudia tena. Kisha huja rafu, ambazo zote ni tofauti. Herufi ya mwisho katika kundi hilo ni ya sita, kwa hiyo jibu ni 6.

Asiyejua zana za lugha yake atalinganisha herufi ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tatu, na kuendelea hadi amalize ulinganisho sita. Python hata hivyo ina aina ya mkusanyiko iitwayo seti, ambayo kwa maumbile yake haikubali kitu kijirudie. Ukiingiza kara kwenye seti, hubaki vitu vitatu. Ukiingiza rafu, hubaki vinne. Swali la iwapo herufi zote ni tofauti linageuka kuwa swali la hesabu:

next(i for i in range(4, len(s) + 1) if len(set(s[i-4:i])) == 4)

Katika sehemu ya pili, idadi ya herufi inayotakiwa hupanda kutoka 4 hadi 14. Aliyetumia ulinganisho wa jozi sasa anakabiliwa na ulinganisho 91. Aliyetumia seti anabadilisha namba tu. Wote wawili walipata jibu la sehemu ya kwanza, ila ni mmoja aliyekuwa amekijua kiini cha swali.

Samaki bilioni 26

Kuna nyakati ambapo kuelewa fumbo si suala la kuokoa muda wa kuandika, bali ni suala la kupata jibu au kutolipata kabisa. Fumbo la siku ya sita ya mwaka 2021 ni ushahidi.

Humo mna samaki wanaozaliana kwa kanuni moja. Kila samaki ana hesabu ya siku zilizosalia kabla hajazaa. Hesabu hupungua kwa 1 kila siku. Ikiwa imefika 0, siku inayofuata samaki huyo hurudi kwenye 6 na huzaa mtoto anayeanza na 8. Swali: kutakuwa na samaki wangapi baada ya siku 80?

Washiriki wengi waliunda orodha yenye kila samaki na kuirefusha siku hadi siku. Kwa samaki watano wa mfano uliotolewa, jibu baada ya siku 80 ni 5,934, orodha ambayo kompyuta yoyote huimudu bila taabu. Sehemu ya pili ikabadilisha neno moja tu: badala ya siku 80, siku 256. Kwa wale samaki watano, jibu lake ni 26,984,457,539. Hata kama kila samaki angechukua baiti moja tu ya kumbukumbu, zingehitajika karibu gigabaiti 27, na orodha ya kawaida ya Python hutumia nafasi kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Kompyuta ya kawaida husimama kabla ya kufika mwisho.

Njia ya kutoka ni kutambua kwamba samaki hawa hawana majina. Samaki wawili wenye hesabu moja hawatofautiani kwa lolote, hivyo hakuna haja ya kumwandika kila mmoja. Mfugaji mwenye kuku 3,000 hamwandiki kila kifaranga kwenye daftari lake. Huandika wa wiki moja ni wangapi, wa wiki mbili ni wangapi. Vivyo hivyo, hapa zinatosha namba tisa tu, kuanzia walio kwenye 0 hadi walio kwenye 8. Siku ikipita, kila kundi husogea nafasi moja, na walio kwenye 0 huongezwa mahali pawili:

h = h[1:7] + [h[7] + h[0], h[8], h[0]]

Mstari huo ukirudiwa mara 256, jibu hupatikana kabla mtu hajapepesa jicho. Idadi ya samaki huongezeka kufikia mabilioni, lakini orodha hubaki na namba tisa siku zote. Msimbo mfupi na msimbo wa haraka hapa vimekuwa kitu kimoja, kwa sababu vyote viwili vimezaliwa na wazo moja.

Ufupi unaoficha

Upo ufupi wa namna nyingine, ambao washabiki huuita gofu ya msimbo. Kama ambavyo mcheza gofu hutafuta kufikisha mpira shimoni kwa mapigo machache, mshindani hapa hutafuta kupata jibu kwa herufi chache kuliko wote. Majina ya vitu hupunguzwa hadi herufi moja, nafasi huondolewa, na mbinu za ajabu hutumiwa ili kuokoa alama mbili au tatu. Ni mchezo halali na hufundisha mengi kuhusu pembe zilizofichika za lugha. Tatizo huanza pale mwanafunzi anapoudhani kuwa ndio uhodari wenyewe, kwani msimbo wa namna hiyo mara nyingi haueleweki hata kwa aliyeuandika baada ya mwezi mmoja.

Kwa Python, mvutano huu si jambo dogo. Lugha hiyo ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeanza kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 1989 mjini Amsterdam na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Tangu awali iliwekewa shabaha kwamba msimbo usomeke kwa urahisi. Hata mistari yake hupangwa kwa kusogezwa ndani, ili jicho lione mara moja kipi kiko chini ya kipi.

Mwaka 2018 lilizuka pendekezo la kuongeza alama mpya, nukta mbili na sawasawa zikiandikwa pamoja, ili mwandishi aweze kukipa kitu jina na kukitumia papo hapo. Waliounga mkono walisema itaokoa mistari na kuondoa marudio. Waliopinga walisema itaufanya msimbo ubanane na usomeke kwa shida. Van Rossum aliliidhinisha pendekezo hilo, lakini ukali wa mjadala ulimchosha, na mwezi Julai mwaka huohuo alitangaza kujiuzulu nafasi ya uamuzi wa mwisho aliyokuwa ameishika tangu lugha hiyo ilipozaliwa. Alama hiyo ilianza kutumika katika toleo la 3.8, lililotoka mwezi Oktoba 2019. Uongozi wa Python sasa uko mikononi mwa baraza la watu watano.

Kisa hicho kinaonesha kuwa swali la ufupi ni swali la nani atausoma msimbo baadaye. Kigezo kinachoweza kumsaidia mwanafunzi ni rahisi: mstari mfupi unaoweza kuelezwa kwa sentensi moja ya kawaida una manufaa. "Hesabu alama za kupanda, toa alama za kushuka" ni sentensi ya namna hiyo. Mstari usioelezeka bila aya nzima ni bora uandikwe kwa mistari mitano.

Mashine ilipoingia mchezoni

Hadi mwaka 2024, mafumbo haya yalikuwa na orodha ya dunia. Washiriki 100 wa kwanza kujibu kila sehemu walipewa alama, kuanzia 100 kwa wa kwanza hadi 1 kwa wa mia. Kisha zikaja programu za akili mnemba zinazoweza kusoma swali na kuandika msimbo zenyewe. Wastl aliwaomba washiriki wasizitumie kabla ya orodha ya siku kujaa, lakini mwaka 2024 baadhi ya majibu yalitumwa sekunde chache tu baada ya fumbo kufunguliwa, muda usiotosha binadamu hata kusoma swali.

Mwaka 2025 orodha hiyo iliondolewa. Wastl alieleza kwamba ilikuwa chanzo kikubwa cha msongo kwake, kwa mitambo yake na kwa washiriki wengi, na kwamba wapo walioichukulia kwa uzito kupita kiasi. Waliobaki wanaweza kushindana katika makundi madogo ya marafiki, wafanyakazi wenza au wanafunzi wa darasa moja.

Uamuzi huo unazua swali linalomgusa kila anayejifunza leo: ikiwa mashine inaweza kuandika mstari ule wa samaki kwa sekunde mbili, kuna faida gani mtu kuutafuta kwa saa mbili?

Utamaduni wa vitendawili una jibu lake. Mtegaji husema "Kitendawili", na wasikilizaji huitikia "Tega". Wakishindwa, hudaiwa mji, na baada ya mji kutolewa ndipo jibu hutajwa. Hakuna aibu katika kutoa mji. Lakini anayetoa mji kabla hata kitendawili hakijamalizika kutegwa hajashiriki mchezo, na jibu atakaloambiwa hatalikumbuka kesho. Ujuzi wa kuona kwamba samaki hawahitaji majina hauji na jibu. Huja wakati wa kukwama, orodha inapojaa kumbukumbu yote na mtu akalazimika kuliangalia swali upya. Na huyo aliyewahi kukwama ndiye atakayeweza kutambua siku mashine inapompa msimbo mfupi, mzuri wa kutazama, ulio na kosa.

Fursa kwa wasomaji wa kanda hii

Masuala haya yana uzito katika nchi za Afrika Mashariki, ambako mafunzo ya programu yanaanza kuingia madarasani. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mwaka 2022 silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari. Anayejifunza nje ya mji mkuu, hata hivyo, mara nyingi hana kompyuta mpya wala intaneti ya kudumu.

Kwa bahati nzuri, mafumbo haya hayadai vitu hivyo. Maelezo yake na faili la data ni maandishi matupu yanayopakuliwa kwa gharama ndogo, na kazi iliyobaki hufanyika bila mtandao hadi wakati wa kutuma jibu. Mwandaaji amesema kuwa kila fumbo lina njia inayolimaliza ndani ya sekunde 15 katika kompyuta yenye umri wa miaka 10. Kwa mantiki hiyo, programu inapochukua saa nzima, cha kubadilisha ni wazo, si mashine.

Kikwazo halisi ni lugha. Hadithi za mafumbo huandikwa kwa Kiingereza, nazo zimejaa mizaha na maelezo marefu yanayoweza kuficha swali. Njia mojawapo ya kukivuka kikwazo hicho ni kuliandika swali upya kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu au nne, kabla ya kugusa Python. Kazi hiyo humlazimisha msomaji kutenganisha kanuni na mapambo, na hiyo ni nusu ya ufumbuzi. Python yenyewe ina maneno machache ya Kiingereza yasiyobadilika, lakini majina ya vitu huchaguliwa na mwandishi. Hakuna kinachomzuia kuandika ghorofa, samaki au jumla.

Anayetaka kuanza anaweza kulichukua fumbo la mabano la mwaka 2015, kulijibu kwa mistari mingi kadiri apendavyo, kisha kujiuliza ni sehemu gani ya msimbo wake haikuhitajika na swali. Akiipata na kuweza kueleza kwa nini haikuhitajika, ufupi utakuja wenyewe.